Kamba Imerudi

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila mwamuzi aliyepuliza filimbi katika uwanja ule wa manispaa kwamba mpira umetoka, alikuwa anasoma mwandiko wa mwanamke mmoja. Wachezaji walikuja na kustaafu. Mameneja walihamishwa. Hata milingoti ya magoli ilikula kutu, ikang'olewa, ikasimikwa mipya. Mkono uliochora mistari ulibaki uleule. Jina alilopewa na wazazi wake lilikaa kwenye cheti chake cha darasa la saba, ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Mjini aliitwa Bibi Chokaa, naye akiitwa hivyo aliinua kidevu kabla ya kuitika, kama mtu aliyeitwa Mheshimiwa.

Vifaa vyake vilikuwa vitatu: ndoo ya chokaa, kopo la bati lililotobolewa matundu chini, na kamba. Ndoo ungeweza kumwazima. Kopo pia, ukimbembeleza. Kamba hapana. Kamba ile alisokotewa na marehemu mumewe, fundi magodoro, kwa pamba safi ya kazini kwake, ikapigwa mafundo matatu: fundo la kwanza boksi dogo, la pili alama ya penalti, la tatu boksi kubwa. Katikati yake palikuwa na uzi mwekundu wa kuonyesha nusu kipenyo cha duara la kati. Ilining'inia nyumbani kwake, nyuma ya mlango, kwenye msumari wake peke yake. Mtu akitundika koti hapo, aliliokota sakafuni.

Basi mwaka ule ikaja habari kwamba mashindano ya kanda ya wasichana wa chini ya miaka kumi na saba yatachezwa pale. Nchi sita! Siku ilipotangazwa, Bibi Chokaa alikuwa anafagia jukwaa. Akaweka ufagio chini, akakaa.

"Wasichana," alimwambia mlinzi wa getini. "Wa nchi sita. Hapa hapa."

Mlinzi huyo watu walimwita Kofia, kwa sababu kofia ya kazi aliyopewa ilikuwa kubwa kiasi kwamba akigeuka ghafla, uso uligeuka na kofia ikabaki inatazama mbele.

"Mbona unalia, Bibi?"

"Silii. Vumbi."

Haikuwa vumbi. Alipokuwa darasa la tano aliwahi kupiga mpira wa miguu ukavuka paa la ofisi ya mwalimu mkuu, na badala ya kupongezwa akaambiwa aende kwa wenzake kwenye mpira wa pete. Tangu hapo hakupiga tena. Alichora mistari ya wavulana, ya wanaume, ya polisi, ya benki, ya mapadri dhidi ya masheikh. Mistari ya wasichana wa mataifa hakuwahi kuichora. Akaapa moyoni kwamba hiyo haitachorwa na mtu mwingine.

Ila Meneja wa uwanja alikuwa na mpango wake. Alikuwa kijana wa tai, mpole, anayependa vitu vyenye magurudumu.

"Bibi," alimwambia ofisini, akimvutia kiti, "kuna kigari cha kupaka rangi mistari. Unasukuma tu, kinachora chenyewe. Uwanja wa mji jirani wanacho, wako tayari kutuazima. Kikifanya vizuri kwenye mashindano, tutaagiza cha kwetu. Wewe utapumzika."

"Nimekwambia nimechoka?"

"Hapana, Bibi, lakini..."

"Mtu akichoka anasema. Mimi nimesema?"

Meneja akalegeza tai. Wakakubaliana hivi: mashindano yameleta mkaguzi wa viwanja kutoka makao makuu, mama mmoja mwenye tepu ya chuma ambaye haelewi lugha ya huruma. Bibi Chokaa achore siku moja kabla ya ufunguzi. Mkaguzi akipitisha, mistari ni ya Bibi, mashindano yote na baada yake. Akikataa, kigari kije na Bibi arudi kwenye ufagio.

"Andika," alisema Bibi Chokaa.

"Niandike nini?"

"Hayo uliyosema. Nimesoma mpaka la saba, nitayahakiki."

Siku ya kuchora ilipofika, aliamka alfajiri, akajifunga kiremba cheupe, akanyoosha mkono nyuma ya mlango. Mkono ukashika msumari mtupu.

Alitafuta chini ya kitanda. Alitafuta jikoni, stoo, hata ndani ya sufuria kubwa. Nyumbani alikuwa peke yake. Mwanawe alikuwa safarini kikazi, na mkwewe, mke wa huyo mwanawe, alikuwa ameshatoka kwenda zamu. Mkwe huyu alikuwa dobi wa hospitali, mwanamke mchapakazi aliyeamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilopungua likichemshwa na sabuni. Simu ya Bibi Chokaa ilikuwa kabatini, imezimika tangu juzi, kama kawaida yake.

Akaenda uwanjani mikono mitupu, akamkuta Kofia anapokea malori ya viti.

"Kamba yangu haipo."

"Ile kamba?"

"Ninazo ngapi?"

Kofia akavua kofia. Kwake hiyo ilikuwa namna ya kutoa pole. Bibi Chokaa akazunguka uwanja mara mbili, mikono nyuma. Nyasi zilikuwa mpya kabisa, zimetandikwa wiki ile kama zulia, wala hapakuwa na hata alama moja ya mstari wa zamani wa kufuata. Mafundi walikuwa wamepigilia vigingi vya pembe nne tu. Kila kitu cha ndani kilimngoja yeye, na yeye aliingoja kamba.

Mchana jua likiwa utosini, simu ya Kofia ikalia. Alisikiliza, akaitikia "sawa, sawa, nitamwambia," kisha akapiga kelele kutoka getini mpaka ndege wakaruka juu ya paa la jukwaa:

"Bibi! Mkweo amepiga! Anasema kamba imerudi!"

"Imerudi?"

"Imerudi! Ameitundika msumarini!"

Bibi Chokaa hakungoja la pili. Nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya ukuta wa uwanja, akaenda nusu akikimbia, viatu mkononi. Kweli, kamba ilikuwa pale, imekunjwa vizuri, nyeupe pe, inanukia sabuni. Ah, kumbe mkwe aliichukua kuifua ipendeze mbele ya wageni! Moyo ukamlainika. Akaibusu ile kamba kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama.

Alichora mpaka saa tisa. Alifunga kamba kwenye mlingoti, akaivuta mpaka fundo la kwanza, akaweka kigingi. Mpaka la pili, akaweka kigingi. Mpaka la tatu. Kisha kopo likashika kazi: tik, tik, tik, akilitikisa kwa kiwiko na si kwa mkono, maana mkono hutetemeka na kiwiko hakitetemeki. Alipomaliza, alipanda jukwaani kutazama. Mistari ilinyooka kama mshono wa cherehani. Kitu fulani kilimchokoza jichoni, boksi likaonekana limenywea kidogo, lakini akasema ni nyasi mpya, ni jua, ni uzee. Akanawa mikono.

Mkaguzi akaja na tepu yake. Alipima kutoka mstari wa goli mpaka alama ya penalti, akaangalia, akapima tena. Meneja alisimama nyuma yake akigeuzageuza tai.

"Mama," Mkaguzi aliuliza, "wewe penalti unapigia wapi?"

"Mita kumi na moja."

"Hapa ni kumi na sentimita arobaini na tano."

"Haiwezekani."

"Njoo uone mwenyewe."

Bibi Chokaa akainama juu ya tepu. Namba alizijua. Kumi na arobaini na tano. Wakaenda boksi kubwa: pungufu. Boksi dogo: pungufu. Duara la kati: pungufu. Uwanja mzima ulikuwa umebanwa, kana kwamba umechorwa kwa ajili ya watoto wa chekechea.

"Golikipa wa hapa atakuwa na kazi," Mkaguzi alisema. Hakuwa na dharau, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Mechi ni kesho saa kumi. Saa mbili asubuhi nitapima kwa mara ya mwisho."

"Nitapiga simu kigari kije asubuhi hiyohiyo," Meneja alisema kwa sauti ya chini, akiangalia nyasi. "Pole, Bibi."

Alirudi nyumbani taratibu, kamba begani. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumwambia mstari wake una kosa ikawa kweli. Alipoingia, mkwewe alikuwa ametoka kazini, anakanda miguu yake kwenye beseni la maji ya moto.

"Mama! Umefanyaje kuhusu kamba?"

"Nimefanyaje nini? Nimechora. Uwanja mzima umekuwa mfupi. Nimeaibika mbele ya yule mama wa tepu. Sijui macho yamekwisha, sijui..."

Mkwe akainuka, maji yakamwagika. "Umechora kwa hiyo kamba?"

"Kwa hiyo. Si ulisema imerudi?"

"Ndiyo, nilisema imerudi!"

"Na mimi nikaja nikaikuta imerudi, ipo msumarini!"

"Mama! Imerudi! I-me-ru-di! Kama sweta ya mwanao ilivyorudi mpaka tukampa mtoto wa jirani! Niliitia kwenye mashine ya hospitali, ile ya maji ya moto ya mashuka, nikaitia na kwenye ya kukaushia. Nilitaka ing'ae, wageni wasije wakasema. Ilipotoka nikaona, ala, hii kamba imekuwa fupi! Mapumziko ya mchana nikakimbia kuitundika, na nikiwa njiani kurudi zamu ndiyo nikampigia yule Kofia, nikamwambia mwambie Mama kamba imerudi, asiitumie!"

"Asiitumie?"

"Hilo sikulisema?"

"Hilo halikunifikia."

Wakatazamana. Mkwe akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yakamjaa machozi. "Kamba ya baba. Nimeiua kamba ya baba."

Bibi Chokaa alitaka kukasirika. Hasira aliitafuta kama alivyoitafuta kamba asubuhi, chini ya kitanda na ndani ya sufuria, hakuiona. Alichoona ni mkwewe amesimama ndani ya beseni, mguu mmoja nje mmoja ndani, na kamba ya mumewe nyeupe kuliko siku aliyomkabidhi. Kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda mabegani, kikamtoka mpaka akashika ukuta.

"Imerudi!" alisema akifuta macho. "Na mimi nikafurahi! Nikaibusu!"

"Mama usicheke, nitalia."

"Lia ukimaliza kuniletea chai. Na beseni hilo nalitaka. Kesho nina kazi na hii miguu."

Maana alikuwa ameshakumbuka. Kabla ya kamba palikuwa na nini? Kamba aliipata mwaka wa tano wa kazi. Aliyemfundisha alikuwa mwalimu mzee wa michezo ambaye mgongo ulimkatalia kuinama. Siku ya kwanza alimwambia avue viatu, akamwekea rula chini ya unyayo, toka kisigino mpaka ncha ya kidole gumba: sentimita ishirini na tano kamili, wala nywele zaidi. Yule mzee akacheka sana. "Binti," alimwambia, "wewe umezaliwa na rula mbili. Usijifunze kitu kingine." Boksi dogo nyayo ishirini na mbili. Penalti arobaini na nne. Boksi kubwa sitini na sita. Duara la kati nyayo thelathini na sita na viganja viwili vilivyobana. Kwa miaka minne aliutembea uwanja kisigino kwa kidole, mpaka mumewe alipomwona anavyorudi akichechemea, ndipo akamsokotea kamba.

Asubuhi yake, jua halijapanda ukuta, Kofia alikuwa ameshika mpira wa maji anasafisha chokaa ya jana, akijitetea bila kuulizwa.

"Mimi nilifikisha ujumbe kama ulivyokuja, Bibi. Imerudi. Sikuongeza, sikupunguza."

"Ulipunguza 'asiitumie'."

"Alisema 'asiitumie'? Lori lilikuwa linapiga honi!"

"Mwaga maji, Kofia."

Akavua viatu, akaviweka kando ya mlingoti vikitazamana, akaweka kisigino kwenye mstari wa goli. Moja. Mbili. Tatu. Nyasi zilikuwa baridi, goti la kushoto lililalamika, naye hakulijibu. Alikuwa kwenye ya ishirini aliposikia vicheko nyuma yake. Timu moja ya wageni ilikuwa imeletwa kuuzoea uwanja kabla ya mechi. Wasichana wenye suruali za michezo, nywele zimesukwa kila mtindo, walikuwa wamejipanga nyuma yake mstari mmoja, kisigino kwa kidole, wanamwigiza mpaka anavyoweka mikono kiunoni.

"Ishirini na mbili," alisema kwa sauti, akaweka kigingi.

"Ishirini na mbili!" wakaitikia, kila mmoja kwa lafudhi yake.

"Nyie mnanicheka?"

Aliyekuwa mbele, mrefu, kitambaa cha nahodha tayari mkononi, alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza. "Hapana, Bibi. Tunapima. Mimi napiga penalti. Nataka kujua njia."

"Basi njoo mbele uione. Mguu wako ni mkubwa kuliko wangu, usihesabu wa kwako, hesabu wa kwangu."

Wakahesabu wote. Ishirini na tatu, ishirini na nne. Kocha wao alisimama pembeni na filimbi mdomoni, akaacha kuipuliza. Walipofika arobaini na nne walipiga makofi kana kwamba goli limeingia, na nahodha akapiga magoti, akamsaidia kukandamiza chokaa ile kwa kiganja.

Saa mbili kamili Mkaguzi akafika, na Meneja, na nyuma yao kigari chekundu juu ya gari dogo.

"Umetumia nini safari hii?" Mkaguzi aliuliza.

Bibi Chokaa akainua mguu mmoja, unyayo mweupe.

"Miguu?"

"Pima kwanza, ucheke baadaye."

Tepu ikanyooka ikilia. Penalti: mita kumi na moja. Mkaguzi akainama zaidi. Mita kumi na moja na upana wa ukucha. Boksi dogo, sawa. Boksi kubwa, sawa. Upande wa pili alipima akiwa amepiga magoti kabisa, na alipoinuka, suruali yake ilikuwa na chokaa magotini, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu aje mjini, ulikuwa wa mtu mwenye mama yake mahali fulani.

"Na hiyo kamba ya jana ilikuwa na nini?"

"Ilifuliwa, ikarudi."

"Na miguu?"

"Hii naiosha kila siku, mwanangu, mwaka wa sitini na nne huu. Haijawahi kurudi."

Mkaguzi akacheka mpaka tepu ikamponyoka na kujikunja yenyewe. Akaandika kwenye daftari lake, akamgeukia Meneja: "Mistari imepita. Huyu ndiye atakayechora mashindano yote." Meneja akamwashiria dereva wa lile gari dogo ageuze, na lazima isemwe kwamba hakununa. Alivua viatu vyake vya kung'aa akajaribu nyayo arobaini na nne, akaishia karibu na boksi kubwa, maana miguu yake ilikuwa kama makasia.

Saa kumi uwanja ukajaa. Bibi Chokaa alikaa kwenye benchi karibu na goli, mkwe upande mmoja, Kofia upande wa pili, kamba imekunjwa mapajani kama mgeni aliyealikwa. Mechi ilikuwa ya wenyeji na wale wageni wa asubuhi. Ilikuwa kali. Wasichana walikimbia kama waliochelewa kitu, wakaanguka, wakainuka, wakaambiana maneno ambayo mwamuzi alijifanya hayasikii. Dakika ya sabini beki wa nyumbani akamkwatua mtu ndani ya boksi, kisigino kimoja tu ndani ya mstari. Bendera ya mwamuzi msaidizi ikapanda. Penalti.

Uwanja mzima ukanuna. Yule nahodha mrefu akaja na mpira. Hakuuweka haraka. Alitazama benchi, akamwona, akasema kitu bila sauti, midomo tu. Bibi Chokaa alisoma midomo ile vizuri sana. Arobaini na nne. Kisha akaweka mpira juu ya alama, akarudi hatua nne, akapiga. Kona ya chini. Golikipa alienda upande uleule lakini alifika mkono ukiwa mtupu.

Katika kimya cha watu elfu kadhaa, mwanamke mmoja alisimama juu ya benchi akipunga kamba na kupiga vigelegele.

"Bibi!" Kofia alimvuta nguo. "Bibi, tumefungwa sisi!"

"Najua tumefungwa!"

"Sasa mbona unashangilia?"

"Hukuona alipouweka mpira? Umeona ulivyokaa? Juu kabisa ya chokaa!"

Dakika tano za mwisho wenyeji wakasawazisha kwa kichwa, akapiga vigelegele vilevile, na watu wa jukwaa la nyuma wakamsamehe. Sare, bao moja kwa moja. Timu zilipopeana mikono, nahodha alikuja mpaka kwenye benchi, akamkumbatia akiwa ametota jasho, akasimama naye sako kwa bako kupima nani mrefu. Kofia aliwapiga picha. Katika picha ile Bibi Chokaa anafika kwenye bega la binti, kidevu kimeinuka.

Jioni ile waliporudi nyumbani, alifungua mlango akatundika kamba kwenye msumari wake, akaipapasa.

"Nimerudi," aliiambia, kama alivyokuwa akimwambia aliyeisokota enzi zake.

Mkwe alikuwa ameshachemsha maji, beseni liko tayari. Alimtazama mama mkwe wake toka kiremba mpaka nyayo nyeupe, akafikiria ile picha.

"Kweli, Mama," alisema. "Lakini umerudi kidogo tu."